Kibanzi kidoleni: tunayoambiana na yaliyo kweli

Nimekulia nyuma ya karakana ya useremala, na haikupita wiki bila mtu kupiga kelele, "Leteni sindano!" Mbao za mninga, msonobari, mpini mpya wa jembe, fito za uzio: kila kimoja kina namna yake ya kuacha kipande kwenye kidole. Sindano ikifika, washauri walikuwa wengi kuliko vidole. Huyu anataka mafuta ya taa, yule anatema mate, mwingine anasema kiache tu. Haya ndiyo niliyoyasikia zaidi.

"Kiminye, kitatoka."

Hii imeharibu vidole vingi mbele ya macho yangu. Ukikiminya, kibanzi hukatika au huzama zaidi, na ngozi ya pembeni huvimba mpaka huoni tena kilipo. Osha mikono yako na kidole kwa maji na sabuni, kausha, kisha kaa penye mwanga. Mlangoni saa nne asubuhi pashinda balbu yoyote ya chumbani. Tazama kwanza kimeingia kwa upande gani. Ncha ikiwa nje, ishike kwa kibano cha kung'olea nyusi, uivute taratibu kwa mstari uleule kilioingilia. Wazee husema mwiba hutokea ulipoingilia, na kwa fundi hilo si fumbo hata kidogo. Kibanzi kilicholala chini ya ngozi ukikivuta wima, nusu inabaki ndani.

Ncha isipoonekana, pasua kidogo ngozi ya juu kwa sindano, pale kibanzi kilipo, uinue ncha, ndipo uishike. Ngozi ile ya juu kabisa haina damu. Damu ikianza kutiririka, umeshachimba kupita kiasi: weka sindano chini, uende kituo cha afya.

"Loweka kwenye maji moto kilainike."

Kumbuka mlango wa mbao wakati wa masika, unavyogoma kufunga. Mbao hunywa maji ikavimba. Kibanzi nacho ni mbao: ukikiloweka kinatanuka ndani ya nyama, halafu kinamomonyoka kibano kinapokigusa. Kuosha kunatosha.

"Sindano ikishapita kwenye kiberiti ni safi."

Nusu ya hili ni kweli, maana moto unaua vijidudu. Lakini unaacha masizi, na masizi yakiingia chini ya ngozi yanaweza kubaki alama nyeusi ya kudumu. Waliochanjwa chale wanalijua hilo. Chemsha sindano na kibano, au vifute kwa spiriti ya asilimia 70 uviache vikauke.

"Mbao haina kutu, kwa hiyo pepopunda hakuna."

Hapa ndipo ningeomba msomaji atulie. Pepopunda haitokani na kutu. Inaletwa na bakteria anayeishi kwenye udongo na samadi, na mbegu zake hustahimili jua na ukame kwa miaka. Mwaka 1884 Arthur Nicolaier, daktari wa Kijerumani, aliwadunga wanyama udongo wa kawaida wakaugua pepopunda, msumari haukuhusika. Kwa hiyo mwiba wa zizini au kibanzi cha mpini uliolala shambani kina nafasi ya kukuletea ugonjwa huo kama msumari wowote. Na kitundu chembamba kilichozama, kisichopata hewa, ndicho bakteria huyo anachokipenda. Dalili huja mara nyingi kati ya siku 3 na 21, taya likianza kukaza, wakati kidole chenyewe umeshakisahau.

Watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na wajawazito huchanjwa kliniki. Wanaume wengi hawajagusa chanjo hiyo tangu utotoni. Kwa kawaida hurudiwa kila baada ya miaka 10. Kidonda kikiwa kirefu au kichafu, na chanjo ya mwisho imepita miaka 5, uliza kituo cha afya.

"Rangi mbili itakausha."

Unga wa kapsuli hizo za antibiotiki zenye rangi mbili hausaidii kibanzi kilichobaki ndani. Unaganda juu na kuficha usaha. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, na mate yana bakteria wake.

"Kitaingia kwenye damu kiende moyoni."

Bibi zetu walitutisha nalo. Kwa kawaida kibanzi cha kidole hukaa palepale, mwili ukakizungushia uvimbe au usaha. Wanaosema "kitatoka chenyewe" nao wana ukweli kidogo: kile chembamba cha juujuu, kisichouma, huondoka na ngozi inayochunika. Mbao au mwiba uliozama ni habari nyingine, kwa sababu vitu vya mimea huuchokoza mwili kuliko chuma au kioo.

"Eksirei haikuonyesha kitu, basi hakuna kitu."

Mbao kwa kawaida haionekani kwenye eksirei. Kioo na chuma huonekana. Kama bado unahisi kinachoma, mwambie daktari kilichokuchoma ni mbao; kipimo cha ultrasaundi kinaweza kukiona.

"Hakijawa chekundu, kwa hiyo hakijaoza."

Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo tumia mgongo wa mkono: je, kina joto kuliko vidole vingine? Kinapwita usiku? Kuna ishara nne zinazoitwa kwa jina la Allen Kanavel, daktari wa upasuaji wa Chicago: kidole kuvimba chote, kubaki kimekunjwa kidogo, kuuma sana ukikinyoosha, na kuuma ukibonyeza upande wa kiganja, kufuata kano yake. Ukiziona, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho, kwa sababu huenda usaha umeshaingia kwenye ala ya kano, yaani mfuko unaoizunguka, na kidole kinaweza kukakamaa moja kwa moja.

Mwenye kisukari asijichokonoe. Kilichozama chini ya ukucha, au kipande cha kioo usichokiona ncha, mwachie mhudumu mwenye ganzi.