Taa za barabara za vijijini: kabla hujaomba nguzo

Tangu kampeni ya kuripoti taa mbovu ianze, barua zinazotufikia sisi tunaosimamia taa kuhusu mwanga wa barabara za vijijini zimeongezeka, na hilo ni jema. Taa iliyozimika kwenye njia panda ni hatari, na mwananchi ana haki ya kuuliza kwa nini. Ila barua nyingi hazihusu taa mbovu. Zinaomba taa mpya, na karibu zote zinaomba kitu kilekile: nguzo tangu barabara inapoanza hadi inapoishia. Hapo ndipo tunapopishana.

Kwa kawaida nafasi kati ya nguzo na nguzo ni mara tatu hadi nne ya kimo cha taa. Taa ikiwa mita 8 juu, nguzo inayofuata itakuwa mita 24 hadi 32 mbele yake. Kilomita moja basi inakula nguzo zaidi ya 30, na hapo hatujagusa umeme, ukaguzi wala vipuri vya kila mwaka. Jibu tunalolisikia kila mara ni: “Basi ziachanisheni zaidi.” Hapana. Ukiweka nguzo moja kila mita 80 unapata madoa ya mwanga yenye giza katikati. Jicho la dereva lililokwisha kuuzoea mwanga halioni vizuri likiingia gizani ghafla, na mtu anayetembea kati ya nguzo mbili anapotea kabisa machoni pake. Mara nyingi ni heri barabara yote ibaki giza, dereva atumie taa zake.

Mwanga upelekwe pale watu na magari wanapokutana: njia panda, kivuko, kituo cha basi, mbele ya shule au zahanati, daraja jembamba. Hata hapo, nguzo haisimikwi popote penye nafasi. Chukua kivuko. Taa ikiwekwa kabla ya kivuko, upande anakotokea dereva, inammulika mvukaji ubavu ule anaouona dereva: uso, nguo, mkono wa mtoto aliyeshikwa. Ikiwekwa ng'ambo ya kivuko, inammulika upande wa pili, na dereva anaona umbo jeusi tu, tena amechelewa. Taa ni ileile na umeme ni uleule. Barabara ya magari ya pande mbili kwa hiyo huhitaji taa mbili kwenye kivuko, moja kwa kila upande, na fundi anayesema moja ya katikati inatosha aulizwe maswali.

Sehemu zilizobaki, zile ndefu zilizonyooka zisizo na nyumba, zina dawa nyingine. Taa za chini za gari humulika kama mita 40 hadi 60 mbele. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, na hata kwenye lami kavu huhitaji zaidi ya mita 50 kusimama. Maana yake, aliyevaa nguo nyeusi huonekana wakati breki hazisaidii tena. Mkanda wa kung'aa mguuni au begani humfanya aonekane mbali zaidi ya mita 100. Kingo za lami zikichorwa kwa rangi inayorudisha mwanga, na katikati vikawekwa vile vioo vidogo vya kuakisi alivyobuni Percy Shaw huko Uingereza miaka ya 1930, dereva anaijua njia yake bila nguzo hata moja.

Sasa sola, maana kila mkutano lazima mtu asimame aseme jua ni bure. Jua ni bure. Betri si bure. Betri za risasi hufa baada ya miaka michache, na kwenye joto hufa mapema zaidi. Za lithiamu hudumu kuliko hizo, lakini nazo zina mwisho. Paneli hushika vumbi, na kivuli cha tawi moja tu huweza kupunguza umeme wake kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa kuwa seli zake zimeungwa kwa mfululizo. Kijiji hupewa taa 20 za msaada, zikazinduliwa kwa ngoma, na hakuna aliyeandikiwa kazi ya kupanda kuzifuta. Tunawashukuru wanaojitolea, kwa dhati. Tunawaomba tu wasinunue kwa kuangalia wati zilizoandikwa kwenye boksi. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Taa nzuri ya LED hutoa zaidi ya lumeni 100 kwa kila wati, na kwa barabara ya kawaida ya kijiji wati 30 au 40 za kweli zinatosha. Rangi nayo ichaguliwe ya joto, yaani ya kimanjano, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 3000 au chini ya hapo, kama Chama cha Madaktari cha Marekani kilivyoshauri mwaka 2016: mwanga mweupe wa kibluu huumiza macho zaidi na huvuruga usingizi.

Kuna lalamiko moja ambalo baadhi ya wenzetu hulicheka, nami nasema lisichekwe. Mkulima anayesema soya yake iliyo karibu na nguzo haikomai anasema kweli. Soya husubiri usiku mrefu ili itoe maua, na taa inainyima usiku huo. Taa yenye kizuizi cha mwanga upande wa shamba humaliza kesi hiyo.

Kuripoti. Tupe namba iliyobandikwa kwenye nguzo. Kama imefutika, taja alama iliyo karibu na upande wa barabara. “Ile taa ya kule kwetu” haimfikishi fundi popote. Sema pia ni taa moja au mfululizo mzima, kwa sababu moja huashiria balbu au waya wake, na mfululizo huashiria fyuzi au kebo, na mafundi wanaokwenda na vifaa vyao si walewale. Inayowaka na kuzima yenyewe, iandike hivyo. Inayowaka mchana si uzembe wa mtu: kihisi mwanga kimeharibika, na vingi vimeundwa ili vikiharibika taa ibaki inawaka, isiwe giza usiku. Kifuniko cha chini ya nguzo kikiwa wazi na nyaya zinaonekana, usijaze fomu. Piga simu ya dharura, uzuie watoto na mifugo, na uhesabu kwamba umeme upo hata kama taa imezimika.

Adhabu hutegemea sheria ya kila mahali, lakini mwenendo unafanana. Aliyegonga nguzo asimame na kuripoti polisi. Gharama za nguzo, taa, kebo na kazi ya ufundi kwa kawaida hudaiwa kwenye bima yake. Akikimbia, deni linageuka kosa la jinai. Anayejiunganishia umeme kwenye nguzo hukatiwa, hutozwa alichokwisha kutumia, na hushtakiwa. Anayeng'oa kebo ya shaba hushtakiwa, na anayeinunua kama chuma chakavu huku akijua ilikotoka hushtakiwa naye. Hilo la mnunuzi huwashangaza wengi, sijui kwa nini.

Ombi la taa mpya, mwisho, liwe na mambo manne: mahali hasa, ni nani hupita hapo na saa ngapi, ajali zilizowahi kutokea, na nani atalipia umeme au betri baada ya uzinduzi. Lisilo na hilo la nne hurudishwa kwa mwombaji. Kurudishwa si kukataliwa: lijazwe, lisainiwe na viongozi wa kijiji, liletwe tena.