Panga Moja, Tishu Nne

Seli za mwili wa binadamu ni za aina zaidi ya 200, lakini zikikusanyika kufanya kazi pamoja hupata makundi makuu manne tu ya tishu: epithelia, tishu unganishi, misuli na neva. Wanafunzi huyakariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakayasahau. Sisi tunaopokea majeruhi tunayakuta yote manne katika jeraha moja, hasa watu wanapofyeka mashamba na panga likateleza likaingia kiganjani. Basi na tulifuate panga hilo.

Linaanza na epithelia, tabaka la juu la ngozi. Seli zake zimebanana na hazina mshipa wa damu hata mmoja, lishe yake hutoka chini. Ndiyo maana ukichubuka juu juu hutoki damu. Epithelia hutanda pia ndani ya mdomo, utumbo na kibofu, na kwa kuwa huchakaa, hujijenga upya kila mara: ya utumbo mdogo kwa siku chache, ya ngozi kwa mwezi hivi. Kugawanyika huko kwingi kwa seli ni sababu mojawapo ya saratani nyingi za watu wazima kuanzia kwenye tishu hii.

Damu ikitoka, panga limeshafika kwenye tishu unganishi. Familia hii ni ya ajabu kidogo, kwani mfupa, mafuta, gegedu, kano na damu yenyewe vyote vimo. Seli zake zimekaa mbalimbali, katikati yake kuna kitu kingine kinachoipa tishu sifa yake: madini ya kalsiamu kwenye mfupa, majimaji ya plazima kwenye damu, nyuzi za kolajeni kwenye kano. Kolajeni ndiyo inayoziba jeraha na kuacha kovu, na haitengenezwi vizuri bila vitamini C. Mabaharia wa zamani waliokaa miezi baharini bila matunda walipata kiseyeye, na hata makovu yao ya zamani yaliweza kufumuka.

Misuli ipo ya aina tatu: ya kiunzi, tunayoiamrisha, ya moyo, na laini, iliyomo kwenye kuta za utumbo na mishipa ya damu. Mshipa ukikatwa, msuli laini hujikaza kupunguza damu inayomwagika. Wengi hawajui kwamba vidole havina misuli ya kuvikunja. Misuli mikubwa ya kazi hiyo iko kwenye mkono, chini ya kiwiko, nayo huvuta vidole kwa kano zinazopita kiganjani. Kano ikikatika, kidole hakikunjiki hata kama ngozi imefunga vizuri kabisa, na kipande cha juu hujivuta kuelekea mkononi. Mgonjwa akichelewa wiki kadhaa, upasuaji huwa mgumu zaidi.

Neva nazo hupona polepole kuliko vyote. Neva ya mkono iliyoshonwa huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole ni karibu nusu mwaka. Neva za ubongo na uti wa mgongo haziwezi hata hilo.

Kwa hiyo, ukijikata kiganja, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono juu, kisha jaribu mambo mawili: kunja kila kidole peke yake, na uguse ncha zake uone kama kuna ganzi. Kimoja kikigoma au kikifa ganzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama damu imekata.

Usipake majivu, udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Humo ndimo wanamokaa bakteria wa pepopunda. Sumu yao husafiri ndani ya neva hadi uti wa mgongo na kuzuia ishara za kulegeza misuli, taya likakaza, mara nyingi kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia. Mwambie mhudumu mara ya mwisho ulichanjwa lini; kama hukumbuki, mwambie hivyo hivyo.