Daraja la Baltimore: yanayosemwa na yaliyotokea

Wengi hudhani bandari ya Baltimore, Marekani, ilikwama kwa sababu barabara ilikatika. Ukweli ni kwamba tatizo lilikuwa majini. Tarehe 26 Machi 2024 meli ya Dali, yenye urefu wa karibu mita 300, ilizimika umeme ikagonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Daraja likaanguka, na vyuma vyake viliangukia mkondo wa kupitishia meli. Magati yalikuwa mazima na winchi zimesimama wima, lakini meli zilizokuwa ndani hazikuweza kutoka, wala za nje kuingia. Wapiga mbizi walifanya kazi kwenye tope ambamo hawakuona zaidi ya futi moja au mbili mbele yao. Zilitolewa takriban tani 50,000 za mabaki, na mkondo ukafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Juni.

Wapo pia wanaodai rafu za maduka zilibaki tupu. Hapana. Kontena ziliendelea kushushwa katika bandari za New York na Norfolk. Nguvu ya Baltimore ni magari na mashine za kilimo na ujenzi: mwaka 2023 ilipitisha magari na malori madogo 847,000 hivi, kuliko bandari nyingine yoyote nchini humo. Mzigo huo unataka viwanja vipana vya kuegesha na watu wanaojua kuushusha. Makaa ya mawe ndiyo magumu zaidi kuyahamishia bandari nyingine, kwa kuwa reli huyafikisha kwenye magati maalumu. Wala si kweli kwamba kila kitu kilifungwa. Gati la Sparrows Point, lililo upande wa baharini wa daraja, liliendelea kupokea meli za magari.

Na mkondo kufunguka hakukumaliza shida. Malori yaliyobeba mafuta au kemikali za hatari hayaruhusiwi kupita kwenye mahandaki ya chini ya bandari, kwa hiyo bila daraja yanalazimika kuzunguka mbali.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile ya kusema mzigo ukipata bandari nyingine, hasara imekwisha. Mzigo huhama, mpakuaji mwenye nyumba na watoto Baltimore hahami nao. Meli isipofunga gati, hana saa za kulipwa. Wafanyakazi sita waliokuwa wakiziba mashimo juu ya daraja walikufa usiku ule wa ajali. Kwa waliobaki bila kazi bandarini, jimbo la Maryland lililazimika kupitisha sheria mwezi Aprili ili wapate fedha za kujikimu.