Kulea kontena kwa systemd maana yake nini

Umeme ulikatika saa mbili usiku, ukarudi saa nne. Kakompyuta kangu kaliko chini ya televisheni kakajiwasha kenyewe, taa ya kijani ikawaka, nikaenda kulala. Asubuhi nafungua ukurasa wa nywila zangu kwenye kivinjari: haupatikani. Seva yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni kontena (programu iliyofungashwa na vyote inavyovihitaji) la Vaultwarden, seva ya kutunza nywila, ambalo wiki tatu nyuma nililianzisha kwa mkono kwa `podman run -d` (Podman ni programu ya kuendesha kontena; `-d` huliacha lifanye kazi nyuma ya pazia), na mbali na mimi hakuna kitu kwenye mashine ile kilichojua kwamba linapaswa kuwepo.

Linux ikiwaka, kerneli (kiini cha mfumo) huanzisha programu moja ya kwanza, inayopewa namba 1. Hiyo ndiyo init, na programu nyingine unazoziona ni watoto, wajukuu na vitukuu vyake. Fedora tangu toleo la 15 (2011) na Debian tangu la 8 (2015) hutumia systemd kwa nafasi hiyo, kazi iliyoanzishwa mwaka 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers. Wapo wanaoichukia mpaka leo kwa kujitwika kazi za wengine. Ugomvi huo nauacha ulipo.

systemd hufanya kazi kwa yuniti. Yuniti ya huduma ni faili dogo la maandishi linalosema programu ianzeje, isubiri nini, na ikifa ifanywe nini. Amri unayoandika terminali hutekelezwa mara moja ikasahauliwa. Yuniti ni agizo linalobaki hata wewe ukiwa umelala.

Kontena nalo si mashine ndogo ndani ya mashine, ingawa wengi tulifundishwa hivyo. Ni mchakato wa kawaida uliozungushiwa ukuta. Kwa hiyo systemd inaweza kulilea kama inavyolea programu nyingine yoyote, ilimradi ijue ni mchakato upi hasa wa kuutazama.

Na hapo ndipo watu wa Docker, programu nyingine ya kuendesha kontena, hujikwaa. `docker run` haiendeshi kontena. Ni mjumbe anayepeleka ombi kwa dockerd, programu ya nyuma ya pazia inayosimamia kontena zote za Docker. Ukiiweka kwenye yuniti pamoja na `-d`, mjumbe akishafikisha salamu anaondoka zake. systemd ilikuwa ikimtazama yeye, basi inaandika kwamba huduma imekwisha, na huku kontena linaendelea kuchapa kazi. Kama una Docker, `--restart unless-stopped` inakutosha, mradi dockerd yenyewe inajiwasha mashine ikiwaka.

Podman haina bwana mkubwa wa katikati kama dockerd, na tangu toleo la 4.4 (2023) inakuja na Quadlet: unaandika unachotaka, yuniti inatengenezwa yenyewe. Langu liko `~/.config/containers/systemd/nywila.container`:

```
[Container]
Image=docker.io/vaultwarden/server:latest
PublishPort=127.0.0.1:8080:80
Volume=%h/vw-data:/data

[Service]
Restart=always
RestartSec=30
TimeoutStartSec=900

[Install]
WantedBy=default.target
```

Kisha `systemctl --user daemon-reload`, halafu `systemctl --user start nywila`. Usihangaike na `enable`, itakukatalia. Sehemu ya mwisho ya faili imeshafanya kazi hiyo.

Zile namba mbili, 30 na 900, nimezilipia. Kwa kawaida systemd hungoja sekunde 90 huduma ianze. Kwa bando la simu, imeji (kifurushi ambacho kontena hutengenezwa kutokana nacho) ya mamia ya megabaiti haijafika nusu, tayari imeshauawa na inaanza kuvutwa upya, na bando ndiyo linakwenda. Nayo `Restart=always` si "daima" kama inavyojinadi: huduma ikianza mara tano ndani ya sekunde 10, systemd inanyoosha mikono. Kontena lenye mpangilio mbovu hufikia hesabu hiyo kufumba na kufumbua, ndiyo maana nimeweka pumziko la sekunde 30. Ukitaka kujua kilichotokea, `journalctl --user -u nywila`.

Bado kuna kitu kimoja, na ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Huduma za mtumiaji, hizi za `--user`, huanza pale mtumiaji anapoingia, na huzimwa akitoka. Mashine ya chini ya televisheni haiingiwi na mtu. Bila `loginctl enable-linger`, amri inayoruhusu huduma zako ziendeshwe hata kama hujaingia, umeme ukirudi utakuta ukurasa uleule mtupu, safari hii ukiwa na faili zuri la kujivunia.

Baada ya hapo usishangae siku ukiandika `podman stop`, kontena likafa, na baada ya nusu dakika likawa limerudi. Umelizima bila kumwambia mzazi wake. Ukitaka lilale kweli, sema na systemd: `systemctl --user stop nywila`.