Steringi akifa mapema: kwa nini Ikiru haikuachi

Aliyekulia kwenye vibanda umiza anaijua sheria: steringi hafi. Na akifa, basi afe mwishoni kabisa, muziki ukiwa juu. Katika Ikiru, filamu ya Kijapani ya mwaka 1952, mwongozaji Akira Kurosawa alimuua steringi wake wakati theluthi nzima ya filamu bado haijaonyeshwa. Kazi yangu ni kuhariri filamu. Watu wakiniuliza inakuwaje filamu moja imbadilishe mtu, na nyingine iliyomliza zaidi aisahau kabla hajapanda daladala, huwa nawaonyesha mkato huo, yaani pale picha moja inapokatwa ghafla na kuingia nyingine.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kanji Watanabe, anayeigizwa na Takashi Shimura, ni mkuu wa kitengo katika ofisi ya jiji. Picha ya kwanza ni eksirei ya tumbo lake. Msimulizi anatuambia ni saratani, mwenyewe hajajua. Kisha tunamwona mezani akigonga mihuri, na msimulizi anasema wazi kwamba mtu huyu anachosha, kwa kuwa hajawa hai kwa miaka mingi. Kumbe akina mama wa mtaa wamefika kuomba dimbwi la maji machafu lifukiwe, watoto wapate uwanja wa kuchezea. Nenda idara ya ujenzi. Nenda bustani. Nenda afya, nenda zimamoto, muone naibu meya. Kurosawa anayapitisha madirisha hayo harakaharaka, kila karani akitutazama sisi usoni, mpaka akina mama wanarudishwa dirisha lilelile walikoanzia. Aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja hahitaji maelezo hapo.

Watanabe akishajua ugonjwa wake, anajaribu pombe na kumbi za starehe, havimsaidii. Anamng'ang'ania binti aliyekuwa karani wake, ambaye sasa anatengeneza sungura wa kuchezea kiwandani, amwambie siri ya uchangamfu wake. Katika mkahawa, ghafla anatambua kwamba hata yeye bado anaweza kutengeneza kitu. Anashuka ngazi mbio, na vijana walio juu wanaimba wimbo wa siku ya kuzaliwa. Wanamwimbia mwenzao anayepanda. Mhariri mwoga angetuongezea sura ya Watanabe akitabasamu ili tusikose maana. Hapa hatupewi.

Anarudi ofisini, analitoa lile faili la dimbwi, anatoka. Mkato. Msimulizi: miezi mitano baadaye, steringi alifariki.

Sasa tuko msibani. Picha yake iko mbele, wafanyakazi wenzake wamekaa chini wanakunywa, na uwanja umeshajengwa. Nani aliujenga? Naibu meya anajitwalia sifa. Akina mama wa mtaa wanaingia, wanafukiza ubani na kulia bila hotuba yoyote. Naibu meya anaona haya, anaondoka. Waliobaki wanabishana: alijua anaumwa, hakujua? Mmoja anakumbuka alivyosimama mlangoni mwa ofisi bila kuondoka, mwingine alivyotishwa na wahuni. Vipande vinakuja bila mpangilio, kama mazungumzo ya chini ya turubai msibani yanavyokwenda.

Kiufundi, kinachofanyika hapo ni hiki. Tungemfuata Watanabe hatua kwa hatua mpaka ushindi, tungempigia makofi, hesabu ikafungwa. Kwa kumwondoa, Kurosawa ametuachia sisi kazi ya kumuunganisha. Tunajua wasichokijua walevi wale, tunatamani kuwapigia kelele, na mtu akishaitetea hoja kwa nguvu kiasi hicho inakuwa yake. Ndiyo maana siamini sana filamu zinazosifiwa kwa kuliza. Machozi mara nyingi hulipa deni papo hapo. Mtazamaji anafuta uso, anatoka akiwa mwepesi.

Ikiru inakataa hata hilo. Usiku ule wafanyakazi, wamelewa, wanaapa kuishi kama marehemu. Ofisini, ombi jipya linaletwa, na mkuu mpya analisukumia idara nyingine. Kijana mmoja anasimama kwa hasira, kiti kinaanguka. Kisha anakaa, anamezwa na makaratasi. Yule aliyeapa kwa dhati, yaani wewe mtazamaji, ameshaonyeshwa kiapo chake kitakavyovunjwa. Hapo ndipo filamu inapokushika.

Mwaka 2022 Oliver Hermanus wa Afrika Kusini alikirudia kisa hicho akakihamishia London, kwa mswada wa Kazuo Ishiguro, Bill Nighy akiwa mhusika mkuu. Inaitwa Living, na Nighy ni mzuri kupita kiasi. Lakini ina dakika 102 dhidi ya 143 za Kurosawa, na sehemu kubwa ya kilichopunguzwa ni mabishano ya msibani. Viapo vimehamishiwa kwenye behewa la treni. Ningekuwa mezani kwao ningekata penginepo. Anza na ya 1952, na ukifika msibani ukahisi inavuta mno, usiisogeze mbele.