Wito peke yake haumbakizi muuguzi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Uuguzi ni wito, na mwenye wito havunjiki moyo.

Wito humpeleka mtu chuoni Ndanda au Nyangao. Kumbakiza wodini ni jambo jingine. Mwaka 1993 watafiti Meyer, Allen na Smith, wakiwapima wauguzi na wanafunzi wa uuguzi, walitenganisha mambo matatu: kuipenda taaluma, kuona ni wajibu kubaki, na kubaki kwa kuwa kuondoka kuna hasara. Muuguzi wa Liwale anayebanwa na mkopo na ada za watoto hatakosa zamu, lakini moyo wake huenda ulishaondoka. Msimamizi anayehesabu waliobaki tu hawezi kuliona hilo.

Dhana: Pesa ikilipwa, mengine yatajipa.

Malimbikizo na posho za kuitwa kazini zilipwe, hilo halina mjadala. Ila muuguzi humpima mwajiri siku ya shida. Chukua kuchomwa na sindano saa nane usiku. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, lisiminywe. Muuguzi na mgonjwa wapimwe VVU. Dawa kinga zianze mapema iwezekanavyo, zisivuke saa 72, zimezwe kwa siku 28. Kinachokwamisha ni ufunguo: dawa zimefungiwa kabatini CTC, yaani kliniki ya huduma na matunzo kwa wenye VVU, na mwenye ufunguo amelala kwake. Dozi za kuanzia ziwekwe mahali panapofunguka usiku, na namba ya mwenye dhamana ibandikwe ukutani. Asubuhi, mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, aanze na "pole, unaendeleaje?" Akianza na "ulikuwa unafanya nini?", ajali ijayo itafichwa, na saa 72 zitapita kimyakimya. Chanjo ya homa ya ini B nayo, dozi 3 ndani ya miezi 6, ianze anaporipoti kazini, asisubiri kuchomwa.

Dhana: Kuwasaidia wauguzi ni kazi ya wizara.

Ajira na mishahara, sawa. Ratiba ya zamu lakini huandikwa hapohapo kituoni. Itoke mapema, zamu za usiku zigawanywe kwa haki, na mgeni wa wodi asiachwe peke yake usiku. Kwenye zahanati yenye muuguzi mmoja, mvua zikikata barabara, msaada wa kwanza ni simu inayopokelewa: mama anatokwa damu baada ya kujifungua, na mkunga mzoefu wa kituo cha afya yuko hewani akimwelekeza wakati gari linatafutwa.