Anzeni na joho

Wanafunzi wangu wa historia ya sanaa nikiwaonyesha picha ya mtawala, macho yao hukimbilia usoni. Kwa picha hii ya Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, iliyoko Hatfield House kaskazini mwa London, huwaambia uso tutaurudia baadaye. Anzeni na joho.

Ni joho la rangi ya chungwa, na ukisogea unakuta limejaa macho na masikio ya binadamu, yametapakaa kwenye mikunjo kama maua ya kitambaa. Malkia anaona, Malkia anasikia. Kwenye mkono wa kushoto wa gauni kajiviringisha nyoka, na mdomoni mwake kunaning'inia kito chekundu chenye umbo la moyo. Msishtuke: nyoka huyu ni yule wa Injili ya Mathayo, "iweni na busara kama nyoka". Moyo umeshikwa na akili.

Mkono wa kulia umeshika upinde wa mvua, na juu yake pana maneno ya Kilatini, *Non sine sole iris*: hakuna upinde wa mvua pasipo jua. Yanafanya kazi ya jina la kanga, mlengwa anajijua. Jua ni Malkia mwenyewe. Kinachonifurahisha ni kwamba upinde wenyewe umepauka, karibu kama mrija wa kioo; rangi zote ziko kwenye nguo zake.

Sasa uso. Picha ilichorwa mwaka 1600 hivi, naye alizaliwa 1533. Hesabuni wenyewe, kisha mtazame shavu lile laini na nywele zilizoachiwa mabegani kama za mwali. Mwaka 1596 baraza la washauri wake liliagiza picha zilizomchora vibaya ziharibiwe. Mchoraji gani angethubutu kuweka kunyanzi? Wataalamu bado wanabishana kama ni Marcus Gheeraerts Mdogo au Isaac Oliver. Mimi ubishi huo haunisumbui sana.

Elizabeth aliishi utotoni kwenye kasri la zamani la Hatfield, lakini nyumba inayoitunza picha leo ilikamilika 1611, miaka minane baada ya kifo chake. Aliyeijenga ni Robert Cecil, waziri wake, aliyesimamia pia wapelelezi wake. Wengi huamini ndiye aliyeiagiza picha. Kama ni kweli, basi yale macho na masikio ni kazi yake mwenyewe, kamvika nayo Malkia.